Fundo la Kikapu cha Masanja

Kovu langu la kwanza la kazi siwezi kuwaonyesha, vijana, kwa sababu liko mahali ambapo mtu mzima hapaonyeshi. Nililipata Shinyanga, reli ilipokuwa imekwisha kufika na kila mwenye pamba anataka ghala karibu na stesheni. Nilikuwa na wiki tatu tu tangu nishike randa, lakini nilikwisha kujiita fundi. Niliona mafundi wa mjini wanatembea na penseli sikioni, na mimi penseli sikuwa nayo. Basi nikachukua patasi, nikaichomeka nyuma kwenye mkanda wa kaptula, makali chini, nikapita sokoni mara mbili ili wasichana waone kwamba Mabula ni mtu wa kazi. Kisha nikarudi, nimechoka kwa maringo, nikakaa juu ya gogo.

Nililala kifudifudi siku nne. Wenzangu walikuja kunipa pole wakiwa wamekwisha kucheka njiani, na mmoja aliniuliza kwa heshima zote kama nataka kiti.

Naanza na hilo kwa sababu mimi mwenyewe linanichekesha, na kwa sababu nikianza na lile jingine huenda nikaweka kalamu chini. Ninyi mnaojifunza ujenzi mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyobeba vyombo vya kazi zamani, wakati hakuna kofia ngumu wala mikanda yenye mifuko kama mnayovaa. Nitaandika. Ila mkiona nazungukazunguka, mjue kwamba penye aibu yangu panakaribia na miguu inakuwa mizito.

Aliyenichomoa patasi ile ni Fundi Saidi, mtu wa Bagamoyo aliyekuja bara akiifuata reli, akaoa Shinyanga, akabaki. Alikuwa mfupi, sauti ya chini, na hakupiga mtu hata siku moja, jambo lililotushangaza sana kwa sababu miaka ile kila mwenye cheo alikuwa na fimbo. Alinifunga jeraha kwa kitambaa chake mwenyewe, kisha akasema, "Mwanangu, chombo hakijui kama wewe ndiye mwenyewe. Kitakukata kama kinavyokata mbao." Tangu siku hiyo akaniweka chini yake, mimi pamoja na Masanja.

Masanja huyu alikuwa mwenzangu wa rika, kijana wa Nkome, kule ziwani. Tulilala nyumba moja, tulikula sahani moja, na alinishinda kwa kila jambo isipokuwa mdomo. Mimi nilikuwa mwepesi wa kusema. Yeye alikuwa mwepesi wa kuona. Ukimpa ubao anautazama kwanza pande zote kama anayenunua ng'ombe mnadani, halafu ndipo anaugusa.

Fundi Saidi alitufundisha kubeba kabla hajatufundisha kuranda. Uwanja wa mafunzo ulikuwa ua wa nyumba yake, na katika ua ule mke wake, Mama Zena, alipanga mitungi yake ya maji. Fundi alikuwa akikuwekea mtaimbo begani, chuma kizito chenye urefu wa mtu, kile cha kubanjulia mawe na kuinulia boriti, kisha anakuambia uzunguke katikati ya mitungi uende na kurudi. Siku ya kwanza nilivunja miwili. Sikuvunja kwa ncha ya mbele, maana hiyo nilikuwa naitazama. Nilivunja kwa mkia, nilipogeuka kuuliza kama nakwenda vizuri.

"Baba Zena!" mama akapiga kelele kutoka jikoni. "Hawa wanafunzi wako leo watakunywa maji kwa viganja! Na wewe Mabula, mama yako hakukufundisha kupita penye vyombo vya watu?"

Masanja hakuvunja hata mmoja. Nilipomuuliza ana dawa gani, alicheka. "Kwetu ukigeuka mtumbwini na pondo begani, anayeanguka majini ni baba yako. Unajifunza upesi."

Ndipo Fundi Saidi akatupa sheria ambayo nawaachia ninyi kama alivyotuachia. Chuma kirefu kina uso na kina mkia, na macho yako yote yako upande wa uso. Kwa hiyo ukitaka kugeuka, usigeuke. Simama, shusha, geuka wewe mwenyewe mtupu, kisha ukiinue tena. Ukiitwa jina, shusha. Ukitukanwa, shusha kwanza, halafu ukatukane nawe.

Mtacheka, lakini kwa sisi Wasukuma jambo hilo lilikuwa gumu kuliko hesabu. Tumezaliwa na jembe begani. Mnakwenda shambani kwa mstari, bamba la jembe nyuma, mnaimba, mwenye kuongoza akigeuka kutia mzaha na jembe lake linageuka naye, na hakuna anayeumia kwa sababu kila mtu ana nafasi yake na anga yote ni yenu. Penye jengo hakuna nafasi. Kuna mtu juu yako, kuna mtu chini yako, na mwingine kainama usipomdhania.

Mengine tulijifunza kwa mikono. Ngozi ya ng'ombe tuliilowesha, tukaishona ala ya kuvika makali ya kila tezo la kuchongea mbao na kila shoka, ikikauka inabana kama kiatu. Meno ya msumeno tuliyavika tete lililopasuliwa katikati, tukalifunga kwa uzi wa katani. Kumpa mwenzio chombo ni mpini mbele, na huachii mpaka aseme "ninacho." Misumari haikai mdomoni, hata kama umemwona fundi wa Kihindi anaiweka, yeye amezoea, na wewe utaimeza siku ukipiga chafya. Kubwa kuliko yote, hakuna kupanda na chombo. Mikono ya mpandaji ni ya ngazi. Vyombo unavitia kwenye kikapu, unafunga kamba kwenye mikono ya kikapu, unapanda na ncha ya kamba kiunoni, ukifika juu unavuta. Fundi Saidi alikuwa akikagua fundo la kila mtu kwa kidole chake. La kwangu alilifungua mara nyingi. La Masanja alilipapasa tu akapita.

Sasa nimezunguka vya kutosha.

Dhahabu ilipoanza kuchimbwa kwa mashine upande wa Geita, mafundi wengi wa Shinyanga tulihamia huko. Fundi Saidi aliitwa kujenga nyumba ya mashine ya kusaga mawe kwenye mgodi mmoja ambao jina lake tuliache, maana kosa ninalolieleza si la mgodi. Akatuchukua. Jengo lilikuwa refu kuliko chochote tulichowahi kujenga, kuta za mawe, na jukwaa la miti limezunguka ukuta wote, limefungwa kwa kamba za magome. Ukisimama juu, nje unaona kambi na njia inayotoka vijijini. Ndani unaona sakafu ya mawe inayongoja mashine.

Sheria ya pale ilikuwa fupi. Aliyeumizwa na kazi alilazwa kwa dresa, mfunga vidonda wa kambi, akalishwa mpaka apone. Aliyejiumiza kwa kuvunja sheria alifungwa bandeji, akaonyeshwa njia. Na aliyemwumiza mwenzake kwa uzembe alifukuzwa siku ile ile. Nyapara alitusomea hayo kila Jumatatu asubuhi.

Katika njia ile ya vijijini alikuwa akipita mzee mmoja kuleta maziwa kambini, vibuyu viwili kwenye mti begani. Tulimwita Baba Nyanzobe. Nyanzobe alikuwa binti yake, na mimi nilikuwa nimekwisha kumtuma mshenga. Jibu lilikuwa bado. Ninyi wa siku hizi mnamwita mkwe wenu "mzee" mkampigapiga begani, lakini kwetu wakati ule baba wa msichana unayemposa alikuwa mtu wa kuogopwa kuliko simba. Hungoji akuanze kwa salamu. Humsalimii ukiwa umempa ubavu, wala ukitembea. Unasimama, unageuka mwili mzima, unakunja goti. Kijana aliyekosea hilo mara moja alikuwa amejikatia posa mwenyewe, na mzee wala hasemi neno. Anakaa kimya tu mpaka mshenga anachoka kwenda.

Siku ile kengele ya chakula ilikuwa imelia, watu wote wameshuka. Tulibaki wawili. Boriti moja ilikuwa imekaa upande, na Fundi Saidi alituagiza tuirudishe kabla ya kula. Masanja alitia vyombo vyake kikapuni, akafunga kamba, akapanda mikono mitupu, akasimama kwenye ukingo wa ndani wa jukwaa anavuta kikapu chake taratibu. Mimi njaa ilikuwa inaniuma. Nikaona kufunga mtaimbo na kuuvuta ni kupoteza wakati kwa safari moja tu. Nikautia begani, nikapanda nao.

Masanja aliniona. "Mabula, Fundi akikuona."

"Fundi anakula," nikamjibu, nikampita.

Hatua mbili mbele yake, nikatupa macho nje. Baba Nyanzobe alikuwa chini kabisa, anapita na vibuyu vyake, ameinua uso ananitazama. Sikuwaza. Nawaapia kwamba sikuwaza kitu. Nikageuka mwili mzima, nikakunja goti, nikamsalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila, baba!"

"Mwadila. Mhola?"

"Mhola duhu, baba."

Nyuma yangu nikasikia sauti ndogo, kama mtu aliyegonga kibuyu kwa kijiti. Baba Nyanzobe alitikisa kichwa kwa kuridhika akaendelea na njia yake. Kishindo kilipokuja ndani ya ukuta, hakugeuka. Penye ujenzi vishindo ni vingi.

Mkia wa mtaimbo ulikuwa umempiga Masanja nyuma ya sikio. Alianguka ndani, kimo cha watu wawili na nusu, na kikapu chake kikaanguka naye. Niliubwaga mtaimbo jukwaani, nikashuka mbio mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Alikuwa amelala ubavu, macho yamefumba, mkono wa kulia umekunjika mahali pasipokunjika. Alikuwa anapumua. Kikapu kilikuwa kimepinduka karibu na kifua chake, tezo limetoka nje, na kamba bado imefungwa kwenye mikono ya kikapu.

Vijana, hapa ndipo nilipotaka kufika, na hapa ndipo sikutaka kufika. Mtu mwema angemshika mwenzake kichwa. Mtu wa kawaida angepiga kelele. Mikono yangu mimi ilikwenda kwanza kwenye lile fundo. Nilifungua kamba ya kikapu. Lilikuwa fundo zuri, gumu, likanichukua muda, na muda wote huo yeye yuko chini anakoroma kwa maumivu na mimi nahangaika kwa kucha. Kisha nikalivua tezo ala yake, nikaitupa ala nyuma ya mawe. Ndipo nikapiga kelele.

Watu walikuja. Nyapara akauliza, "Nani alikuwa naye juu?"

"Mimi," nikasema.

"Ilikuwaje?"

"Alipanda na tezo begani. Alipofika juu akateleza."

Nilisema kwa sauti ya kulia, na machozi yalikuwa ya kweli. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba nilikuwa nalia kweli na kudanganya kweli kwa pumzi moja. Niliogopa kufukuzwa. Zaidi ya kufukuzwa, niliogopa Baba Nyanzobe asikie kwamba salamu niliyompa ilimwangusha mtu.

Fundi Saidi alifika mwisho, mkono bado una ugali. Alimtazama Masanja, akatazama kikapu, akainua ile kamba tupu akaipitisha vidoleni. Kamba iliyofungwa na kufunguliwa ina mikunjo yake, na yeye alijua kuisoma kama kitabu. "Hakufunga?" akaniuliza.

"Hakufunga, Fundi."

Akaweka kamba chini, akaenda kusaidia kumbeba. Hakuwa ameona kwa macho yake, na hakuwa mtu wa kusema asichokiona. Lakini tangu siku ile hakuniita tena mwanangu. Aliniita Mabula, kwa adabu, kama unavyomwita mtu wa duka jingine.

Masanja alizinduka jioni yake. Hakukumbuka kitu tangu asubuhi. Wakamweleza, naye akasikiliza kama mtu anayesomewa habari za mgeni. Siku ya tatu wakamfunga mkono, wakamwonyesha njia. Dresa alisema mfupa ule ungehitaji kutazamwa wiki nyingi ili uunge sawa, lakini sheria ni sheria. Nilimsindikiza mpaka mwisho wa kambi nikiwa nimembebea njugu mawe za kula njiani. Nilidhani nikimpa njugu nitajisikia afadhali.

"Ajabu," akaniambia. "Sikumbuki hata kidogo kulitia tezo begani. Lakini wewe uliona."

"Niliona," nikasema.

"Asante kwa kunipigia kelele watu. Wewe ni ndugu."

Akaenda zake upande wa ziwa, mkono umening'inia shingoni.

Ningeweza kusema kwamba uongo uliishia hapo. Uongo una miguu, na penye Wasukuma una wimbo pia. Tulikuwa tukiinua boriti kwa nyimbo, na nyimbo zetu ni za kuchekana. Wiki ile ile wakatunga mmoja, kwa Kisukuma, maana yake hivi: Masanja kapanda na tezo begani, ngazi ya kushukia hakuihitaji. Ulikuwa mtamu, unaoana na mzigo. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na sauti, wakanipa kuongoza. Nikaongoza. Nyapara akaupenda, akasema unafundisha usalama. Ukaimbwa kwenye machimbo mengine, ukafika Segese, ukafika mpaka kwenye mashamba ya pamba ambako hakuna hata ngazi. Fundi Saidi pekee ndiye alikuwa akiondoka tukiuanza, anakwenda kunoa kitu kilichokwisha kunolewa.

Posa yangu ikakubaliwa. Baba Nyanzobe alimwambia mshenga kwamba hajapata kuona kijana mwenye adabu kama yule aliyemkunjia goti juu ya jukwaa, chuma begani. Alilisema hilo hata siku ya harusi, mbele ya watu, wakashangilia. Mimi niliinamisha kichwa, wakadhani ni haya ya bwana harusi.

Miaka ilipita, nikawa fundi mkuu mahali pengi. Nilikuwa mkali kupita kiasi juu ya kubeba. Nimewafukuza watu kwa kosa dogo kuliko langu. Walinisifu kwamba kwenye kazi za Mabula hakuna anayeumia, na kila sifa ilinichoma mahali palepale. Nani angejua kwamba mwalimu mwenyewe amekimbia mtihani?

Mvi ziliponijaa nilimwambia mke wangu. Tulikuwa tunapepeta mtama, hakuna sababu yoyote, maneno yakatoka tu. Nyanzobe aliweka ungo chini.

"Kumbe baba yangu alinitoa kwa salamu ile," akasema.

"Ndiyo."

"Na mtu yule yuko wapi?"

"Nasikia yuko kwao Nkome."

"Basi unapepeta nini hapa?"

Kesho yake alinifungia chakula cha safari, wala hakuniuliza kama nimekubali kwenda.

Nilimkuta Masanja ufukweni anaanika dagaa. Mkono wa kulia ulikuwa umekauka katika pembe ileile niliyoiona sakafuni, anatandaza kwa kushoto. Alinitambua kabla sijasema. "Mabula! Ndugu yangu wa njugu mawe!" Akamwita mke wake, Mama Kulwa, alete kigoda, akamweleza kwamba huyu ndiye aliyempigia kelele watu siku ile, bila yeye angekufa. Mama Kulwa akapiga goti akanishukuru.

Nilimwomba ainuke. Nikabaki nimesimama, kigoda sikukikalia, nikayasema yote kama nilivyowaandikia ninyi, mtaimbo, salamu, fundo, ala, wimbo. Sikusema kwa ufasaha. Nilirudiarudia. Masanja hakuacha kutandaza dagaa mpaka nilipofika kwenye kamba. Hapo mkono ukasimama.

"Sema tena hapo."

"Kamba uliifunga. Mimi niliifungua."

"Kwa hiyo tezo halikuwa begani?"

"Lilikuwa kikapuni, ndani ya ala yake."

Alikaa mchangani. Nilingoja matusi, hata nilitamani yaje. Badala yake akaongea polepole, akiutazama ule mkono. Alisema kuranda kwa mkono wa kushoto kunawezekana, alijaribu, akaweza. Alichoogopa hakikuwa mkono. "Nilidhani mimi ni mtu ambaye mwili wake unafanya mambo asiyoyajua. Nimepanda na tezo begani, mimi, na sikumbuki. Nikasema, basi siku nyingine nitaua mtu. Nikaacha kazi. Wanangu wawili walitaka kuwa mafundi, nikawakatalia, nikawaambia damu yetu ni ya uzembe. Wanaimbiwa wimbo ule mpaka leo."

Nilikuwa nimekuja nikidhani nimeuvunja mkono wa mtu, kumbe mkono ulikuwa sehemu ndogo.

Masanja akainuka. "Mama Kulwa, umesikia?"

"Nimesikia."

"Mabula, mwambie tena yeye peke yake."

Nikamwambia. Akaita wanawe, watu wazima wenye watoto wao. "Waambie." Nikawaambia, na mdogo aliondoka nikiwa katikati, akaenda kusimama majini amenipa mgongo. Akaita jirani. Akawaita wavuvi waliokuwa wanashona nyavu, akawaita akina mama wa dagaa mmoja mmoja. Kila aliyekuja, Masanja alisimama pembeni yangu, amenyooka, anasikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza. Na mimi nilidhani aibu ukiisema mara nyingi inapungua. Haipungui, vijana. Kila uso mpya unaichonga upya.

Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwuliza. Nililala kwake, nikapewa chakula kizuri. Asubuhi alinisindikiza kama desturi inavyotaka, lakini safari ya nusu saa tuliitembea mpaka jua likawa utosini, kwa sababu kila tuliyekutana naye njiani Masanja alimsimamisha. "Mwambie na huyu," anasema, nami namwambia.

Karibu na njia panda tulimkuta mama mmoja mgeni, ametoka mbali, ana mzigo wa kuni kichwani. Masanja akamwomba asimame. Mama akasikiliza kidogo, akachoka, akauliza, "Masanja ndiye nani?"

"Ni mimi," Masanja akasema. Akampokea mzigo kwa mkono wake mzima, akautua chini, kisha akanigeukia. "Mwambie."

Nikamwambia mama yule, nanyi nawaambia vilevile: Masanja alipanda mikono mitupu, kikapu chake alikifunga sawasawa, na aliyekifungua ni mimi.